Utepe Mweusi Ndani ya Friji

4 Machi

Mdogo wangu Barafu,

Kwanza ujue kwamba sote tupo, tunakula na tunagombana kama kawaida, kwa hiyo wasiwasi weka pembeni. Mama magoti yamempa likizo wiki hii, anapanda ngazi huku akijisifu. Shemeji yako amemaliza kupaka rangi ile nyumba ya ghorofa na amerudi na nywele za kijani. Eti rangi itatoka yenyewe. Mpwa wako amedondosha jino la mbele na amekataa katakata litupwe mpaka mjomba wake alione. Tumelifunga kwenye karatasi, liko kabatini pamoja na vikombe. Usiulize.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe huongea kama mtu anayekimbizwa. Unasema "sawa, sawa dada" mara saba, halafu unakata. Barua angalau utaisoma mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni keki. Unajua nimeacha kazi ya kufua pale hotelini kwa ajili ya kantini ya zahanati. Wanataka vikeki sitini kila siku, vya moto, saa moja kamili asubuhi. Mikono ninayo miwili tu, basi rojo nalikoroga jioni, nalifunika, nalitia kwenye ile friji uliyoniletea Januari, na alfajiri namimina na kuoka. Vikeki vinatoka bapa, katikati vimebonyea kama kiti cha zamani. Nimebadilisha unga, nimebadilisha beking pauda, nimegombana na muuza mayai bila kosa lake.

Msimamizi wa kantini ni mwanamke mpole sana, na upole wake ndio unaonitisha. Jana alikibonyeza kimoja kwa kidole, akakitazama, akasema, "Mama Keki, hiki kimepumzika mno." Kisha akaniambia kwamba ananipa mpaka mwisho wa Mei. Visipokaa sawa, atatafuta mwokaji mwingine. Pale hotelini nafasi yangu imeshachukuliwa, Barafu. Sina pa kurudi.

Wewe ni fundi wa friji, umeshatengeneza za waoka mikate wengi. Niambie wenzangu wanafanyaje.

Dada yako,
Mwiko

21 Machi

Dada Mwiko,

Barua yako ilifika salama. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Ghala la maziwa lina vyumba vitatu vya baridi na vyote vimeamua kuugua kwa zamu. Mimi sijambo. Mwenye nyumba wangu, yule fundi viatu, ameanza kufuga bata nyuma ya karakana yake, na bata wameamua kwamba mlango wangu ndio wao. Mwambie mpwa wangu jino alitunze vizuri. Mwambie shemeji kijani kinampendeza.

Sasa sikiliza. Beking pauda ikishalowa tu, inaanza kazi. Wewe unailowesha jioni, inafanya kazi peke yake humo bakulini, na ikifika alfajiri imeshastaafu. Tenganisha. Unga, sukari na beking pauda vikae vikavu kwenye kopo lenye kifuniko, mezani. Mayai, maziwa na mafuta vikae kwenye friji, kwenye chombo kipana kisicho na kina ili baridi iingie upesi, umefunika vizuri. Usiweke mlangoni, mlango unafunguliwa kila saa. Weka rafu ya chini, nyuma kabisa. Usiku mmoja, usizidishe. Alfajiri unaunganisha, unakoroga kidogo tu, unamimina na kuingiza kwenye oveni papo hapo, usiende kwanza kupiga soga na jirani. Nakujua.

Utaona vitapanda.

Samahani kwa maandishi makubwa, kalamu hii ni mbovu.

Wako,
Barafu

2 Aprili

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Shemeji yako amenyoa upara ili kijani kiishe, na sasa kichwa chake kinang'aa mpaka jirani mshona nguo anasema anaweza kutungia uzi kwa mwanga wake. Huku nyumbani hiyo ndiyo habari kubwa.

Vimepanda! Nilikaa mbele ya oveni nikipiga makofi peke yangu. Ubarikiwe wewe na waoka mikate wako wote.

Lakini nisikufiche. Mchanganyiko wa mayai na maziwa nikiutoa alfajiri, una harufu. Si harufu ya kukimbiza mtu, ni harufu ya kumfanya mtu anuse mara ya pili. Nikafanya kama Mama alivyotufundisha, nikaulamba kwenye mwiko kupima. Nilipima siku tatu mfululizo. Siku ya nne nilikuwa chali kitandani, tumbo linasokota, shemeji yako ananinywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko na kumwaga nusu yake shingoni mwangu. Nililala siku nne, na kantini haikupata kitu. Sasa nimepona, usishtuke. Ila mchanganyiko wenye harufu naumwaga, na asubuhi mbili wiki hii nimefika zahanati na vikeki ishirini badala ya sitini. Yule mama mpole alivihesabu mara mbili.

Barafu, inawezekana ni friji? Nauliza tu. Ule utepe mweusi ulioubandika juu ya kidude cha kuongeza baridi uko vilevile, sijaugusa, niliapa na kiapo changu nakiheshimu.

Na kitu kingine. Barua yako ilikuwa kurasa tisa. Nimeyahesabu maneno yake, yangetosha ukurasa mmoja. Kalamu gani hiyo?

Dada yako,
Mwiko

25 Aprili

Dada,

Natumaini umepona kabisa. Hapa ni salama. Bata wameongezeka.

Naandikiwa na fundi viatu kwa sababu nimebanwa kidole na mlango wa chumba cha baridi.

Usilambe tena rojo bichi. Ulimi si kipimajoto. Mayai mabichi hayana mchezo, na Mama alitufundisha mengi mazuri lakini hilo hapana.

Friji haina tatizo. Niliirekebisha kwa mikono yangu. Utepe usiuguse, tafadhali, kama tulivyokubaliana.

Barafu

(Mimi mwandishi nakusalimu pia, dada. Naandika ninachoambiwa. Ila vidole vyake nimevihesabu, ni kumi na vyote ni vizima.)

3 Mei

Mdogo wangu Barafu, na wewe Fundi Viatu, kwa kuwa najua ndiye unayemsomea,

Salamu kwenu wawili na bata wenu. Fundi, asante kwa hesabu yako ya vidole. Endelea kusoma, na usiruke kitu.

Huku hatujambo. Mama ameanza kufuma sweta, kwa jinsi mikono ya sweta ilivyo mirefu nadhani ni la mtu asiyejulikana. Mpwa wako jino jipya limeanza kuchungulia.

Barafu, juzi nilimsimulia muuguzi wa zahanati habari za ile harufu. Akanipa kipimajoto wanachotumia kwenye friji ya chanjo, akasema nikiache ndani usiku kucha katikati ya vyakula, na kwamba kisizidi nyuzi nne. Asubuhi nikafungua. Nyuzi kumi na mbili. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikamwita shemeji yako, akasoma kumi na mbili. Nikamwita mshona nguo, ambaye macho yake yanatungia uzi bila miwani, naye akasoma kumi na mbili. Ndiyo maana mchanganyiko wangu unachacha: friji yangu ni kabati lenye taa.

Nilikaa mbele yake na ukucha kwenye ncha ya utepe wako. Ningeubandua kwa pumzi moja. Sikuubandua. Nikiubandua mwenyewe nitaiona nambari, lakini wewe utakuwa bado hujaniambia kitu. Kwa hiyo nakuomba ruhusa. Wakati nasubiri jibu, mchanganyiko wangu unalala kwa mshona nguo, kati ya chupa zake za maji. Mwisho wa Mei unakuja na friji yake inaingia chombo kimoja tu, kwa hiyo napeleka vikeki thelathini, na yule mama mpole ameanza kuuliza habari za mwokaji fulani wa mtaa wa pili.

Sasa nikukumbushe Januari. Nilikuwekea chai mezani. Mkono wako ulipita pembeni ya kikombe mara mbili kabla hujakishika. Ulipoingia uliliamkua koti la shemeji yako lililotundikwa nyuma ya mlango, ukaliuliza habari za kazi, na sisi tukacheka mpaka tukashika mbavu. Tulidhani unatania kama kawaida yako. Wewe pia ulicheka, lakini ulichelewa kidogo kuanza.

Sikuulizi kuhusu kidole. Nakuuliza kuhusu macho.

Dada yako,
Mwiko

14 Mei

Dada,

Hii naandika mwenyewe, kwa hiyo utanisamehe kurasa nyingi. Fundi viatu amekaa nje na bata wake, nimemfukuza.

Ni kweli. Jicho la kulia liliingia ukungu mwaka juzi, la kushoto likafuata. Mwanzoni nilidhani ni mvuke wa vyumba vya baridi. Kazini najua kwa mkono na kwa sikio. Mota ikilia kwa namna fulani najua inataka nini, na nambari namwomba mwenzangu wa zamu anisomee, nasema nimesahau miwani. Sina miwani, dada. Sijawahi kuwa nayo.

Friji yako niliitengeneza vizuri, mota yake ni nzima. Kidude ndicho nilichokosea. Friji zote ninazozijua, ukizungusha kulia baridi inaongezeka. Nikazungusha kulia. Nambari zilikuwepo pale, nazipapasa kwa kidole, ni rangi tu, hazina mwinuko. Ningekwambia "Dada, hebu soma hapa" ingetosha. Lakini ulikuwa umesimama na taulo begani, unanitazama kama mtu aliyeletewa daktari bingwa, na Mama anawaambia majirani dirishani kwamba mwanawe ndiye fundi. Nikaona aibu. Nikabandika utepe ili mtu mwingine asije akaiona nambari ambayo mimi sikuiona, na nikakuapisha, kana kwamba kiapo chako kingeficha macho yangu.

Fundi viatu aliposoma kwamba uliugua, nilijua palepale. Chakula changu chote niliwapa bata. Hata hivyo nikakujibu kwa ukali. Aliyekuumiza ni mimi, na bado nilikukemea. Nisamehe.

Sikwenda kwa daktari kwa sababu naogopa kuambiwa kwamba ndio basi. Fundi wa friji asiyeona nambari ni nani? Mpaka sasa hakuna aliyetamka neno upofu, na mimi nimekuwa nikiishi kwa kutotamkiwa.

Bandua, dada. Zungusha kushoto. Halafu niandikie ni nambari gani ilikuwa pale, hata kama itaniumiza.

Barafu

24 Mei

Mdogo wangu,

Fundi, soma polepole, leo kuna habari njema.

Nilibandua utepe dakika ileile niliyomaliza kusoma, barua bado iko mkononi. Ilikuwa nambari moja. Kidude hiki kinaenda kinyume na dunia nzima. Nikazungusha kushoto mpaka tano, nikafunga mlango, nikaenda kukaa mbali nisije nikaufungua kila dakika. Asubuhi kipimajoto cha chanjo kilisoma tatu. Nyuzi tatu! Nilimkumbatia shemeji yako, nikambusu kwenye upara.

Leo ni siku ya nne. Mchanganyiko unatoka ukiwa na baridi ya kuuma vidole na hauna harufu yoyote, na sikuulamba, nakuapia, ingawa mwiko ulinitazama. Leo nimepeleka sitini, vyote vimesimama. Yule mama mpole akachukua kimoja, akakibonyeza kwa kidole chake kilekile. Kikarudi juu. Akabonyeza tena, kikarudi tena. Akasema, "Hiki kimeamka," akaniambia kwamba habari za mwokaji wa mtaa wa pili tuzisahau. Nilifika mpaka nyuma ya zahanati, nikakaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto, kwa furaha.

Na hili nilikuwa sijathubutu kulisema: nilikuwa naogopa nimewaumiza wagonjwa. Nimemuuliza muuguzi, naye amepekua daftari lake lote. Hakuna hata mmoja aliyelalamika tumbo. Vilivyoharibika nilivimwaga, na nilivyooka vilikuwa vimeiva mpaka ndani. Aliyeumia ni yule aliyelamba rojo bichi, na huyo kapona na anakuandikia.

Umeniuliza kama nimekasirika. Hukuuliza, lakini najua unataka kujua. Nilikasirika Jumanne nzima. Jumatano nilikuwa na vikeki vya kuoka, sikupata nafasi.

Sasa macho. Nimemweleza muuguzi jinsi ulivyoniandikia, ukungu, jicho moja kisha la pili. Amesema hawezi kukupima kwa barua, ila mara nyingi ukungu wa namna hiyo ni mtoto wa jicho, na upasuaji wake ni mfupi, watu wengi huona tena. Anasema usikae hata wiki moja zaidi. Nenda. Mama sijamwambia bado. Nisipopata jibu mpaka katikati ya Julai, nakuja mwenyewe, na nitakuja naye, na sweta lake.

Dada yako anayekupenda, mjinga wewe,
Mwiko

9 Julai

Dada Mwiko,

Habari za nyumbani? Magoti ya Mama? Upara wa shemeji? Uliza yote kwa niaba yangu, mimi nina haraka ya kukwambia la kwangu.

Naona.

Ni mtoto wa jicho, kama muuguzi wako alivyosema. Wamefanya jicho la kushoto kwanza, la kulia ni mwezi ujao. Upasuaji wenyewe ulikwisha kabla sijamaliza kuogopa. Kesho yake daktari akabandua bandeji, na kitu cha kwanza nilichoona ni kalenda ukutani kwake, nambari zote, nyeusi kwa nyekundu. Nikaanza kumsomea moja, mbili, tatu. Alinivumilia mpaka kumi na tisa.

Meneja wa ghala nimemweleza ukweli mwenyewe kabla ya kwenda. Nilidhani atanifukuza. Akasema walikuwa wanajua muda mrefu, walikuwa wanasubiri nimalize ukaidi. Kazi yangu ipo. Nilitembea kutoka ofisini kwake kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

Fundi viatu nimemwona uso kwa mara ya kwanza vizuri. Ni mzee kuliko sauti yake. Bata ni kumi na mmoja, yeye alikuwa akiniambia wanne.

Halafu nikachukua barua zako zote nikazisoma mwenyewe, kuanzia ile ya Machi. Mambo mawili. La kwanza, fundi viatu aliruka ule mstari wako wa hesabu ya vidole, na nilipomwonyesha alijitia kutafuta nyundo. La pili, dada, mwandiko wako ni mbaya ajabu. Miezi yote hii nilidhani ni macho yangu.

Nimepewa likizo ya siku kumi. Nitafika tarehe ishirini, mchana. Naomba kitu kimoja. Jioni ya kuamkia siku hiyo usinitayarishie chochote, wala usiweke chochote kwenye friji kwa ajili yangu, hata kama sasa iko sawasawa. Nisubiri nifike ndipo ukoroge. Ile Januari ulitoa keki kwenye oveni, watu wote wakashangilia ilivyopanda, na mimi nikashangilia kwa sauti kuliko wote. Sikuona kitu. Niliona sehemu ya njano tu, na joto usoni.

Nataka nikae kwenye kile kiti chako kifupi mbele ya oveni, nitazame ikipanda.

Wako,
Barafu

15 Julai

Mdogo wangu,

Mama nimemwambia. Alilia dakika tano, kisha akafumua mikono ya sweta na kuanza upya, eti sasa utaona makosa yake. Jino bado liko kabatini. Shemeji yako anasema ukilisalimia koti tena, atakuja kujibu kutoka ndani yake.

Unga, sukari na beking pauda viko kwenye kopo. Mayai bado hayajavunjwa, na hayatavunjwa mpaka nisikie unafungua geti.

Kiti kiko mahali pake. Kioo cha oveni nimekisugua.

Dada yako